Prado kulala nyuma: Usinunue kompresa kabla ya kutafuta panapovuja

WAMILIKI wengi wa magari ya SUV yenye springi za upepo hukumbwa na hali inayofanana. Gari huegeshwa jioni likiwa limesimama sawasawa, lakini asubuhi hukutwa limelala nyuma kana kwamba limebebeshwa mifuko ya saruji, ilhali buti ni tupu.

Likiwashwa, husikika mngurumo mdogo chini ya gari, kisha sehemu ya nyuma hunyanyuka polepole. Baada ya wiki au miezi kadhaa mngurumo huo hunyamaza, na gari halinyanyuki tena.

Hapo ndipo hukumu ya gereji hutolewa haraka kwamba kompresa imekufa. Kompresa nyingine hununuliwa kwa fedha nyingi na kufungwa, gari likapanda, na mmiliki akarudi nyumbani akiwa na furaha. Kwa bahati mbaya, furaha hiyo mara nyingi haidumu, kwa kuwa kilichoiua kompresa ya kwanza bado kimo ndani ya gari.

Katika mfumo huu kompresa mara nyingi si chanzo cha ugonjwa. Ni kifaa cha mwisho kuumia baada ya kufanya kazi kupita kiasi, ili kufidia upepo unaovuja mahali pengine.

Mfumo wenyewe unavyofanya kazi

Mfano unaofahamika kwa wakazi wengi wa miji ya Afrika Mashariki ni Toyota Land Cruiser Prado ya kizazi cha 120, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2009. Nyingi zimeingizwa zikiwa zimetumika kutoka Japani, kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Lexus GX 470, ambayo ni ndugu yake wa karibu iliyouzwa zaidi Marekani, nayo ina springi za upepo nyuma.

Si kila Prado ya kizazi hicho ina mfumo huo. Matoleo ya bei ya juu ndiyo yaliyofungwa springi za upepo kwenye ekseli ya nyuma, na mengine yalitoka kiwandani na springi za chuma. Njia rahisi ya kutambua ni kuchungulia chini ya gari kwa nyuma: badala ya chuma kilichojizungusha, huonekana mfuko mnene wa mpira mweusi katikati ya ekseli na chasisi. Aidha, karibu na dereva huwapo swichi ya kuchagua kimo cha gari.

Sehemu kuu za mfumo huo ni chache. Kuna mifuko miwili ya mpira, mmoja kila upande. Kuna kompresa inayoendeshwa kwa umeme wa betri, mabomba membamba ya plastiki yanayopeleka upepo kwenye mifuko, na vali zinazofungua na kufunga njia ya upepo.

Pamoja na kompresa kuna kikaushio, yaani kikopo chenye chembechembe zinazonyonya unyevu ili maji yasiingie kwenye vali na mabomba. Halafu kuna vihisi vya kimo, ambavyo mafundi huviita sensa. Hivi huunganishwa na ekseli kwa mkono mdogo, na huiarifu kompyuta ya gari umbali uliopo kati ya ekseli na chasisi.

Abiria wakipanda na mizigo ikipakiwa, nyuma hushuka. Vihisi hutoa taarifa, kompyuta huiamuru kompresa ifanye kazi, na gari hurudi kwenye kimo chake. Watu wakishuka, vali hufunguka na upepo wa ziada hutolewa nje. Katika Prado hiyo dereva anaweza pia kuinua nyuma kwa takriban sentimita 4 au kuishusha kwa takriban sentimita 2.

Ni vyema kutofautisha springi na shokapu. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari, na shokapu hutuliza mtikisiko. Kubadilisha shokapu kwa sababu gari limelala nyuma ni kutibu mguu wakati jino ndilo linalouma.

Kwa nini kompresa hufa

Kompresa ya aina hii haikuundwa kufanya kazi mfululizo. Imekusudiwa kunguruma kwa muda mfupi, kuliweka gari kwenye kimo chake, kisha kupumzika. Ikifanya kazi kwa muda mrefu hupata joto kali.

Mfuko unapopata ufa mdogo, gari hushuka kidogo kila baada ya muda na kompresa huitwa tena na tena. Joto huongezeka, pete ya pistoni inayoziba upepo huliwa, na brashi za mota huisha. Nayo rilei inayopeleka umeme huchoka kwa kuwaka na kuzima mara nyingi.

Wakati mwingine rilei hiyo hunasa katika hali ya kuwaka, umeme ukaendelea kwenda hata pasipohitajika, na kompresa ikaunguruma hadi kuungua. Ndiyo maana kufunga kompresa mpya na kuiacha rilei ya zamani ni kubahatisha.

Vilevile uvujaji huchosha kikaushio. Kadiri kompresa inavyovuta hewa nyingi kutoka nje, ndivyo unyevu mwingi unavyoingia, hasa katika miji ya pwani. Chembechembe zikizeeka husagika kuwa unga, na unga huo ukifika kwenye vali huzizuia kufunga barabara. Hapo uvujaji wa pili huzaliwa kutokana na ule wa kwanza. Wahenga walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Usalama kabla ya yote

Kabla mtu hajainama chini ya gari la namna hii, kuna jambo moja la kuzingatia ambalo halina mjadala. Gari lililosimama kwa nguvu ya upepo linaweza kushuka wakati wowote bila kutoa ishara. Prado ina uzito unaokaribia au kuzidi tani 2, na nafasi iliyopo kati ya chasisi na ekseli inatosha kuponda mkono au kifua cha mtu.

Jeki peke yake haitoshi. Gari liegeshwe mahali tambarare penye sakafu ngumu, magurudumu ya mbele yawekewe vizuizi, na chasisi ikae juu ya stendi imara za chuma. Matofali hayafai, kwa kuwa hupasuka ghafla.

Aidha, mfumo wa kurekebisha kimo uzimwe kabla ya gari kupigwa jeki. Usipozimwa, kompyuta inaweza kudhani kwamba gari limepanda kupita kiasi na kuanza kutoa upepo, au kujaza upepo wakati mtu yumo chini. Kwenye Prado kuna kitufe cha kuzima kazi hiyo, nayo taa ya OFF huwaka kwenye dashibodi.

Bomba la upepo lisifunguliwe likiwa na mgandamizo. Upepo huo hunyanyua mamia ya kilo, na unaweza kurusha mchanga machoni au kukifyatua kiungio. Fundi auachie polepole, akiwa amevaa miwani ya kujikinga.

Hatua za uchunguzi

Uchunguzi mzuri huanzia kwenye kisichogharimu kitu. Kwanza iangaliwe swichi. Si ajabu mtoto au mwosha magari kubonyeza kitufe, mfumo ukazimwa au kimo cha chini kikachaguliwa, na mmiliki akaanza kutafuta fundi.

Pili, gari lipimwe. Kwa kutumia futi ya utepe, pimeni kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kushoto na kulia. Vipimo viandikwe jioni baada ya injini kuzimwa, kisha virudiwe asubuhi kabla ya kuwasha. Gari lisipakiwe wala kusogezwa kati ya vipimo hivyo viwili.

Tofauti ndogo isimtie mtu hofu. Upepo hunywea kwa baridi: joto likishuka kutoka nyuzi 30 hadi 20, ujazo wake hupungua kwa takriban asilimia 3. Kwa hiyo, gari lililotoka Dar es Salaam mchana na kulala Lushoto linaweza kushuka nusu sentimita bila kuwa na hitilafu yoyote. Kushuka kwa sentimita kadhaa usiku mmoja ni jambo jingine kabisa.

Vipimo hivyo huonyesha pia pa kuanzia. Upande mmoja ukishuka na mwingine ukabaki, mashaka yaelekezwe kwenye mfuko, bomba au vali ya upande huo. Pande zote mbili zikishuka kwa pamoja, huenda mifuko yote imezeeka, au tatizo liko kwenye sehemu inayotumiwa na pande zote.

Tatu, tumia masikio. Injini ikiwa imewashwa mahali patulivu, sikiliza kompresa. Ikinguruma kwa muda mrefu na gari lisipande, ama upepo unavuja, ama pete ya pistoni imekwisha, ama njia imeziba. Ikiwa kimya kabisa ilhali gari limelala, umeme ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Nne, tumia maji ya sabuni. Hiki ndicho kipimo kinachookoa fedha nyingi kuliko vyote, lakini ndicho kinachorukwa mara nyingi zaidi. Gari likiwa limejaa upepo na limeegemezwa salama, mifuko, viungio vya mabomba na eneo la vali vipakwe maji mazito ya sabuni kwa brashi au chupa ya kupulizia. Povu likifura, hapo pana tundu.

Mahali pa kuangaliwa kwa makini ni kwenye mkunjo wa chini wa mfuko, pale mpira unapojikunja na kujikunjua kila gurudumu linapopita kwenye shimo au tuta. Vumbi na mchanga hujikusanya hapo na kuusaga mpira. Nyufa za mkunjo hujificha gari likiwa chini, hivyo ni vyema kulichunguza likiwa kwenye kimo cha juu.

Tano, upimwe umeme. Betri iliyopumzika na yenye chaji kamili huonyesha takriban volti 12.6, na injini ikiwashwa ni kawaida kusoma kati ya 13.5 na 14.5. Baada ya hapo ikaguliwe fyuzi, kisha rilei, kisha plagi ya kompresa yenyewe. Umeme ukifika kwenye plagi, waya wa ethi ukawa mzima na kompresa isizunguke, hapo ndipo inapoweza kuhukumiwa kwa haki.

Fyuzi iliyoungua isibadilishwe na kubwa zaidi. Iliungua kwa sababu fulani, na mara nyingi sababu hiyo ni kompresa iliyonasa au waya uliochubuka. Fyuzi kubwa huacha waya uungue badala yake.

Sita, viangaliwe vihisi vya kimo. Mikono yake midogo iko wazi kwa matope na chumvi, na viungo vyake hushika kutu vikakatika au kuganda. Hapo kompyuta hupokea taarifa za uongo: gari linaweza kupanda kupita kiasi, kuinama upande mmoja au kukataa kunyanyuka, ingawa mifuko na kompresa ni vizima. Mashine ya kusomea hitilafu husaidia sana katika hatua hii.

Uvujaji usipoonekana kokote, fundi anaweza kuutenga mfuko. Bomba lake huchomolewa kwenye vali na kufungwa vali ya kujazia kama ile ya tairi, kisha mfuko hujazwa upepo na kuachwa usiku kucha. Ukibaki umejaa, mfuko na bomba havina kosa, na lawama huhamia kwenye vali za mfumo au kwenye kikaushio.

Namna ya kutengeneza

Mfuko uliopasuka haupigwi kiraka. Tairi huzibwa kwa sababu umbo lake halibadiliki sana, lakini mfuko wa springi hujikunja maelfu ya mara kwa safari moja huku umebeba uzito. Gundi au kiraka kitaachia, pengine gari likiwa katika mwendo kasi kwenye barabara kuu.

Mifuko ibadilishwe miwili kwa pamoja. Yote imeishi maisha yale yale, na mmoja ukichakaa mwingine hauko mbali. Oringi za viungio nazo zibadilishwe, kwa kuwa kipete kidogo cha mpira kilichokakamaa kinaweza kuiharibu kazi yote.

Katika ufungaji, mfuko mpya haupaswi kubebeshwa gari ukiwa mtupu. Mpira hujikunja vibaya, hubanwa na kuchanika siku hiyo hiyo. Ujazwe upepo kiasi kwanza gari likiwa bado juu ya stendi, uhakikishwe kwamba umekaa kwenye makalio yake, ndipo gari lishushwe taratibu.

Bomba lenye tundu hukatwa kwa kisu kikali, mkato ukiwa wima na laini, kisha huungwa kwa kiungio maalumu cha upepo. Mkato wa mshazari hauzibi. Vile vile bomba lisigusane na ekzosi wala kitu kinachosugua.

Kompresa ambayo mota yake bado inazunguka lakini haina nguvu inaweza kufufuliwa kwa kubadilishiwa pete ya pistoni na chembechembe za kikaushio, pale spea hizo zinapopatikana. Iliyoungua mota ibadilishwe pamoja na rilei. Anayenunua iliyotumika katika maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, adai ijaribiwe mbele yake kwa betri, na kidole kiwekwe kwenye tundu la kutolea upepo ili kuhisi nguvu yake.

Kihisi kipya kikifungwa, kimo cha gari hupaswa kupimwa na kusawazishwa upya. Kupindisha mkono wa kihisi ili gari lionekane limepanda ni udanganyifu. Huuficha uvujaji kwa siku chache na kuiongezea kompresa mzigo.

Vipi kuhusu springi za chuma?

Mafundi wengi hushauri mfumo wa upepo ung'olewe na kuwekwa springi za chuma. Ushauri huo si kosa kwa kila hali. Kwa kuwa Prado hizo ziliundwa pia katika matoleo yenye springi za chuma nyuma, kazi hiyo inaweza kufanyika vizuri, nayo hupunguza vitu vya kuharibika.

Hata hivyo mmiliki ajue anachokipoteza. Gari halitajisawazisha tena likipakia mizigo, na ulaini wake hubadilika. Springi zichaguliwe kulingana na uzito ambao gari hubeba kwa kawaida: ngumu mno hurusha abiria wa nyuma, na laini mno huliacha gari likiburuta nyuma. Umeme wa mfumo wa zamani nao uzimwe kwa utaratibu, si kwa kukata nyaya ovyo.

Jambo lisilokubalika ni kukaza gari kwa vipande vya mbao au mpira mgumu na kuendelea na safari za kila siku. Gari lililolala nyuma huelekeza taa zake juu na kuwapofusha madereva wanaokuja mbele. Pia ekseli hugonga chasisi kwenye kila shimo, na gari huwa gumu kulidhibiti kwenye kona au breki ya ghafla.

Kuutunza mfumo

Mifuko ioshwe kwa maji ya kawaida kila gari linapotoka kwenye matope au barabara ya vumbi, hasa kwenye mkunjo wa chini. Mafuta ya injini, grisi na dizeli visiachwe juu ya mpira, na bomba la kuoshea lenye nguvu nyingi lisielekezwe kwa karibu.

Wakati wa masika, kupita kwenye maji yenye kina kunaweza kuifanya kompresa ivute maji badala ya hewa. Gari likishazama kiasi hicho, kikaushio kikaguliwe hata kama nyuma bado inapanda.

Kwa anayenunua gari lililotumika, kipimo cha jioni na asubuhi kinafaa kuwa sehemu ya makubaliano. Gari linalonyanyuka vizuri mbele ya mnunuzi kwa dakika kumi halijathibitisha lolote, kwa kuwa hata lenye mfuko mbovu hupanda kompresa ikiwa bado hai.

Anayepeleka gari gereji ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa fedha: Panapovuja pameonekana wapi? Umeme kwenye plagi ya kompresa umepimwa? Rilei itabadilishwa? Fundi anayejua kazi yake huyajibu kwa kumwonyesha mteja povu la sabuni na namba kwenye mita. Asiyeweza kuonyesha kimojawapo bado hajaupata ugonjwa, na kompresa anayoipendekeza ina hatari ya kuifuata ile ya kwanza.